Nishike Kikombe au Nimshike Mume?

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kazini, kwenye meza ya kupigia pasi, mvuke unalowesha karatasi na msimamizi wetu anadhani nahesabu mashuka, kwa hiyo nisamehe mwandiko, naomba unisaidie kwa sababu jambo lililonikuta ni kubwa kuliko kifua changu na sina wa kumwambia, mama yangu mzazi alishatangulia mbele za haki na rafiki zangu nawapenda lakini midomo yao naijua.

Mume wangu alikuwa fundi wa minara ya simu, wale wanaopanda juu kabisa mpaka ukiwatazama kutoka chini shingo inakuuma, na wenzake walimpa jina la Kunguru kwa sababu hata chakula cha mchana alikuwa anakila huko huko juu, hataki kushuka. Tulikuwa bado maharusi, zawadi nyingine hata hatujazifungua, mkanda ukaachia akaanguka. Hakufa. Walisema uti wa mgongo umevunjika juu, karibu na mabega, mikono itafanya kazi lakini miguu basi, na daktari mkubwa akaniambia mimi, siyo yeye, na yeye amelala pale pale anasikia: "Mama, shukuru yuko hai. Mambo ya unyumba na watoto sahauni." Nikaitikia kwa kichwa. Nikasahau, au nilijifanya nimesahau, maana kuna vitu mtu anaviweka juu ya kabati na havishushi.

Miaka imekwenda. Kunguru sasa anatengeneza simu za watu kwenye meza ya dirishani, kwenye kiti chake cha magurudumu, na ulimi wake haukuvunjika hata kidogo, anasema yeye ndiye mume pekee mtaani ambaye mkewe anajua aliko saa zote. Tunaishi vizuri. Ila mama mkwe wangu, ambaye ni mtu mwema na sitaki umfikirie vibaya, siku moja tukiwa tunachambua mboga akaweka kisu chini akaniambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa kwa hiyo naweza kulisema hili. Wewe bado kijana. Nenda ukaolewe, uzae. Nitamtunza mwenyewe."

Mimi nikajibu, "Mama, mboga zinaungua."

Hata moto hatujawasha. Akacheka, kisha akalia, tukaendelea kuchambua. Nyumba yetu ni ndogo, Kunguru dirishani alisikia yote, na mama alipoondoka akaniita.

"Mama kasema kweli?"

"Kasema anachokiona."

"Na mimi nikikwambia njia ipo?"

Ndipo akanieleza kwamba kwenye simu wana kundi lao, wanaume waliovunjika mgongo, na mmoja wao amepata mtoto nyumbani kwake bila kwenda popote, kwa kutumia mashine ya kukandia misuli, zile zinazotetemeka, mbegu zinatoka zinakingwa kwenye kikombe safi, mke anazivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano anajiwekea mwenyewe, basi. Nilimtazama mume wangu nikadhani ananitania. Kumbe mashine alishaagiza, iko chini ya meza ndani ya boksi la betri.

Tulijaribu Jumamosi mchana, mlango tumefunga, redio ya jirani inapiga kelele, nami kwa heshima yako sitaeleza zaidi ya inavyobidi, ila muda ulipita mpaka mkono ukaniuma na nilikuwa karibu kusema tuache, na ghafla akasema, "Kichwa." Jasho likamtoka usoni na shingoni tu, vinyweleo vya mikono vikasimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, "Kinagonga, mke wangu, kinagonga kama nyundo," na wakati huo huo, mama, wakati huo huo kikombe nilichokishika kikapata kitu. Nikawa nimesimama mkono mmoja una kikombe na mkono mwingine una mume. Nishike kipi? Nikakiweka kikombe sakafuni, nikaitupa mashine, nikamwinua akae wima, nikamfungua vifungo, nikampepea kwa gazeti huku namwomba Mungu kwa sauti, na taratibu kichwa kikapoa. Neno la kwanza alilotamka:

"Kikombe kiko wapi?"

"Umetaka kunifia hapa, unaulizia kikombe?"

"Usije ukakipiga teke tu."

Tulianza kucheka, tukacheka mpaka machozi, kisha tukakitazama kile kikombe pale sakafuni kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akasema, "Nenda kapime kama kuna uhai." Alipotulia kabisa nikamwita jirani aje kukaa naye kwa kisingizio cha simu mbovu, nikakifunika kikombe nikakiweka kifuani ndani ya nguo kisipoe, nikaenda maabara ya mtaa wa nyuma nikitembea kama nimebeba yai.

Binti wa maabara hakuniuliza maneno mengi. Akaweka tone kwenye kioo, akainamia hadubini, akakaa kimya sana, kisha akasema, "Njoo uone." Mwanzoni niliona ukungu. Kisha nikaviona, vitu vidogo vyenye mikia, vingi mno, na vyote vimelala, havitikisiki, nikasema yule daktari alikuwa sahihi. Halafu, kwenye pembe, mmoja akatikisika. Akapiga mkia. Akapita katikati ya wenzake waliolala, akaenda zake, na nyuma yake mwingine, na kule juu mwingine. Mama, niliziba mdomo kwa mkono. Mtu ambaye nimembeba, nimemwogesha, nimemgeuza kitandani asipate vidonda, mtu ambaye walisema nusu yake imekufa, kumbe ndani ya hiyo nusu kulikuwa na haya yote yanakwenda, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Ni wachache," binti akasema, "lakini wapo. Nani aliwaambia hakuna?"

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje. Watu wanapita. Nikamtazama muuza maji, nikamtazama mzee anayegombana na mwenye duka, nikamtazama mama mmoja mnene aliyevaa viatu vya kubana, nikajiambia, hawa wote, kila mmoja, aliwahi kuwa kitu kidogo kiasi kile, na kuna siku alikuwa karibu asifike. Sijui nilikaa muda gani.

Binti alinielekeza kliniki ya uzazi. Nilikwenda peke yangu, muuguzi wa pale akanieleza kwamba wanaweza kumtoa mume wangu mbegu wenyewe huku wanampima presha, wakazisafisha, wakachagua zenye nguvu wakaziweka ndani kabisa ya mfuko wa uzazi, au wakatungisha nje ya mwili ndipo wanirudishie. Nilirudi mbio kumwambia Kunguru. Akakataa katakata. "Hospitali nilibebwa kama gunia, mmoja kichwani mmoja miguuni, wanaongea habari za mpira juu ya uso wangu. Sitaki mtoto wangu aanzie huko. Tufanye hapa hapa, kitandani kwetu, kama watu wengine."

"Na kichwa chako?"

"Kikipasuka kipasuke, ilimradi jambo limefanyika."

Nikamwambia mimi sikuolewa na jambo, nimeolewa na yeye. Hatukusemeshana mpaka siku ya pili yake. Mashine nimeileta kazini, nimeificha kabatini nyuma ya mashuka. Akiniuliza iko wapi namwambia imeharibika, naye ananijibu, "Lete nitengeneze," na kweli ndiyo kazi yake. Mama mshauri, nimrudishie mashine tujaribu nyumbani anakotaka, au nimpeleke kliniki asikotaka, au niache kabisa nibaki naye mzima? Kila nikifumba macho naona ule mkia.

Wako,
Mpiga Pasi

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nilipofika maabara nikakaa. Kabla ya safu hii nilikuwa mkunga, nimepokea watoto ambao sasa wenyewe ni wazazi, nilidhani nimeshazoea. Hapo pa mmoja kupita katikati ya waliolala nilishindwa kuendelea, nikaenda kwanza kuchemsha chai. Sasa nimemaliza kushangaa, nikugombeze.

Mlikuwa mnacheza na kifo. Nimemuuliza daktari wa uti wa mgongo, naye hakucheka. Aliyevunjika juu, usawa wa mabega na kifua, mwili wake ukichokozwa sehemu za chini unaweza kupandisha presha ghafla kupita kiasi, na ile nyundo kichwani, lile jasho la usoni, vile vinyweleo, ndiyo dalili zake. Presha hiyo inapasua mshipa kwenye ubongo. Yule mwenzake mumeo wa kundi la simu huenda alivunjika kiunoni, huko hatari hiyo si kubwa hivyo, na ndiyo maana kwake yalikwenda salama. Mgongo wa mtu mwingine si mgongo wa mumeo. Ulifanya vyema kumkalisha wima na kumfungua nguo. Ulifanya vibaya kumwachia jirani asiyejua kitu ukaenda kutembea mtaani na kikombe. Ningekuwa karibu ningekufinya sikio, kisha ningekusindikiza hiyo maabara, maana hata mimi ningetaka kuona.

Umeniuliza nyumbani au kliniki. Sikudanganyi kwamba nyumbani ni ujinga. Wapo wanandoa ambao daktari amewapima wote wawili, akaridhika, akawafundisha, wakarudi kwao na kikombe kisafi na bomba lisilo na sindano. Ni siri yao, ni nafuu, ni kitandani kwao, hakuna mgeni anayechungulia. Lakini wana masharti. Mbegu zinaishia ukeni, kamwe zisisukumwe kupita mlango wa kizazi, kwa sababu maji ya mbegu yasiyosafishwa yakiingia ndani ya mfuko yanaleta maumivu makali na maambukizi. Hakuna kulainisha kwa mate, wala sabuni, wala mafuta ya nywele, vinaua mbegu. Na ninyi wasomaji wengine mnaosoma huku mmefunika gazeti, mbegu za mtu mliyekutana naye mtandaoni msizikaribishe nyumbani, hamjui damu yake ina nini wala kesho atadai nini.

Kwako wewe kuna jambo la pili zaidi ya presha. Umesema mwenyewe wengi wamelala. Wanaotembea wakiwa wachache, safari ya kutoka ukeni mpaka kwenye yai ni ndefu mno kwao. Kliniki inawasafisha, inachagua wenye nguvu, inawafupishia njia kwa kuwaweka ndani ya mfuko siku yai lako linapokomaa. Wakiwa wachache zaidi, yai na mbegu vinakutanishwa nje. Na mashine ikishindwa kabisa, mbegu huweza kuvutwa kutoka kwenye korodani kwa sindano nyembamba. Gharama zipo, na kila hatua inazidi ile ya nyuma, kwa hiyo waambie wakutajie zote kabla hamjaanza. Wakwambie pia kwamba hakuna hatua yenye uhakika. Anayekuahidi mtoto kwa mdomo mkubwa, chukua mkoba wako uondoke. Na wewe upimwe, mirija na mayai. Mmekaa mnaangalia mgongo wa baba tu kama vile wewe umetoka kiwandani jana.

Sasa namweka mke kando, nazungumza na mume. Kunguru, najua unasoma, mkeo hawezi kuficha gazeti kama alivyoficha mashine. Walikubeba vibaya. Walizungumza juu ya uso wako, na aliyekwambia usahau watoto bila kukupima alikosa, hasira yako ina haki. Lakini unamwambia mwanamke aliyekushika wima na kukupepea kwamba kichwa kikipasuka kipasuke. Basi umwachie nini? Mtoto na maiti kwenye chumba kimoja? Unataka kuwa baba, anza leo kwa kutaka kuishi.

Mpiga Pasi, usimburute. Mtu aliyebebwa kama gunia habebwi tena kwa nguvu hata kwa nia njema. Piga simu kliniki, kisha mpe yeye simu. Aulize mwenyewe kama kiti chake kinapita mlangoni, kama kitanda kinashuka, nani atamwinua na kwa namna gani, daktari anaijua hatari ya mgongo wake au anabahatisha. Wakijikanyaga kwenye majibu, tafuteni wengine. Siku ya kwanza nendeni kuzungumza tu. Mashine iache huko huko kabatini, na uache kumwambia imeharibika, mwambie umeificha na kwa nini. Daktari akimpima, akampa dawa ya kutuliza presha, akasema sasa inawezekana nyumbani, mtafanya nyumbani na sitakuwa na neno. Lakini aseme yeye, si kundi la simu.

Mama mkwe mwambie mnaenda hospitali. Mengine hayamhusu. Mpe mboga achambue.

KUNGURU ANAANDIKA

(Barua hii ilitufikia muda mrefu baadaye. Naichapa kama ilivyo. – Mama Mshauri)

Shikamoo mama. Mimi ndiye uliyenigombeza gazetini mbele ya watu wote. Wateja wangu watatu walikuja na lile gazeti kuniuliza kama namjua huyo Kunguru, nikawaambia simjui, lakini anaonekana mtu mkaidi.

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikapiga simu mwenyewe kama ulivyosema. Kliniki ya kwanza yule dada aliniuliza, "Unapiga kwa niaba ya mgonjwa gani?" nikakata. Ya pili daktari alikuja mwenyewe kwenye simu, akaniuliza nilivunjika usawa gani, presha yangu ya kawaida ni ngapi, nikajua huyu anajua. Tulipofika alivuta kigoda akakaa, macho yake yakawa sawa na yangu. Akazungumza na mimi. Mke wangu alikuwa pembeni, hakuna aliyemwuliza kitu mpaka akaanza kukohoa.

Mara ya kwanza presha ilipanda, wakasimamisha pale pale. Nilitukana, naomba radhi. Walipobadilisha dawa ikawezekana. Hadubini yao ilikuwa juu ya meza ndefu nisiyoifikia, wakaunganisha na skrini ukutani, na mimi kwa mara ya kwanza nikawaona. Mke wangu alikuwa amenisimulia mara nyingi lakini kusimuliwa si kuona. Mimi nimewahi kukaa juu ya mji mzima asubuhi, ukungu uko chini yangu, nikadhani hakuna kikubwa zaidi nitakachokiona duniani. Nilimwomba fundi wa maabara asizime. Akaacha, akaenda kunywa chai yake, tukabaki mimi na mke wangu tunatazama.

Mimba haikushika. Walipoweka kwenye mfuko haikushika, na walipoweka tena haikushika. Mke wangu alijifungia bafuni na mimi nilikaa nje ya mlango, kiti hakipiti, nikawa naongea na mbao. Baadaye wakatungisha nje. Mama, walituonyesha picha ya kitu cha mviringo kilichogawanyika, daktari akasema, "Huyu hapa."

Amezaliwa. Ni wa kike, ana sauti kama king'ora. Mama yangu amemshika akasahau hata kunisalimia.

Nataka nikwambie jambo moja tu, halafu nirudi kwenye simu za watu. Mimi nasikia mpaka usawa wa chuchu, kushuka chini sisikii kitu, hata moto sisikii. Siku ile alipozaliwa muuguzi alimleta akamlaza tumboni kwangu. Niliona amelala pale, naona miguu inarusha, lakini mwilini hakuna. Ilikuwa kama natazama mtoto wa mtu mwingine amelazwa juu ya kitanda. Sikutaka kusema. Mke wangu, aliyetoka kujifungua, hajiwezi, alinitazama usoni akaelewa. Akanyoosha mkono akamsogeza juu kidogo.

"Hapo?"

"Bado."

Akamsogeza tena.

"Hapo?"

"Bado, mama."

Akamsogeza mpaka kichwa chake kikaja chini ya kidevu changu, na nikamsikia. Uzito, joto, pumzi inaingia inatoka.

Nikasema, "Hapo."